Dawa za kupunguza fosfeti kwenye tangi la samaki: angalia vumbi kabla ya uwezo

Wanaonunua dawa ya kupunguza fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, kwa mara ya kwanza hurudi na malalamiko yale yale. Maji yamegeuka rangi ya kutu. Matumbawe yamejikunja. Pampu ndogo iliyokuwa kimya imeanza kukwaruza. Na baada ya wiki mbili za usumbufu huo wote, kipimo kinasoma karibu namba ile ile ya mwanzo. Muuzaji akiulizwa, jibu lake ni moja: hukusuuza vizuri. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kilichouzwa kilikuwa nusu chembe, nusu unga tangu kikiwa ndani ya kopo, na hata ukisuuza mpaka mikono ichoke, unga haurudi kuwa chembe.

Kwa hiyo dawa zilizomo humu hazikupangwa kwa "kopo hili linatosha lita ngapi". Zimepangwa kwa jambo ambalo maelezo ya makopo hulipita kimya: chembe zikikaa ndani ya maji yanayozitikisa usiku na mchana kwa wiki sita, zinabaki chembe au zinasagika?

Kabla ya kutoa hela

Si kila tangi linahitaji dawa hii. Samaki hawaumizwi na fosfeti kwa viwango vya kawaida vya matangi ya nyumbani. Tangi la maji baridi lenye mimea mingi linaihitaji fosfeti yenyewe. Wanaotunza mimea kwa mbolea huiongeza kwa makusudi mpaka miligramu 1 au 2 kwa lita, na mwani hauwashindi maadamu mwanga, kaboni dioksidi na virutubisho vingine vinalingana. Mwenye tangi la namna hiyo akinunua dawa ya fosfeti, anainunulia mimea yake njaa.

Kazi ya dawa hizi ni hasa kwenye maji ya chumvi yenye matumbawe. Huko, miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita ni mahali pazuri pa kukaa. Ikipanda kupita 0.2 au 0.3, mwani wa nyuzi hushika mawe, kioo hutaka kufutwa kila siku, na matumbawe magumu hugeuka kahawia na kukua kwa shida, kwa sababu fosfeti huzuia chokaa kujijenga kwenye mifupa yake. Ikishuka mpaka kipimo kisione kitu, hatari ni nyingine: matumbawe yanapauka, tishu zinaanza kubanduka kwenye ncha, na dinoflajelata, ule ute wa kahawia wenye viputo, hutanda mchangani. Anayetafuta sifuri anatafuta balaa.

Sasa hesabu ambayo kopo haliandiki. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi ya takribani asilimia 1 ya uzito wake. Gramu moja basi ina miligramu 10 za fosforasi, na fosforasi ikihesabiwa kama fosfeti huzidishwa kwa 3.066, kwa hiyo gramu hiyo moja inaleta miligramu 30 za fosfeti. Kwenye tangi la lita 200 hiyo ni 0.15 kwa lita, kwa siku moja, kama hakuna kinachoitumia. Chukua tangi hilo likiwa na 0.25, ubadilishe asilimia 20 ya maji kwa maji yasiyo na fosfeti: unashuka hadi 0.20, yaani umetoa miligramu 10. Thuluthi ya gramu ya chakula inazirudisha zote. Kusuuza chakula kilichogandishwa kunasaidia kidogo tu, maana fosforasi nyingi imo ndani ya nyama yenyewe, si kwenye majimaji yanayotiririka.

Ndiyo maana maneno "inatosha lita 1,000" hayana uzito wowote. Lita 1,000 zenye fosfeti kiasi gani? Zinalishwa gramu ngapi kwa siku? Mawe yake yamekaa miaka mingapi yakishika fosfeti? Mawe na mchanga wa chokaa huibeba fosfeti juu ya uso wake, na maji yakisafishwa huiachia tena taratibu. Tangi kuukuu linaweza kula kopo zima mwezi wa kwanza namba isisogee, na dawa ikawa nzuri kabisa.

Pima pia maji unayojazia. Baadhi ya mamlaka za maji huongeza fosfeti kwa makusudi ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke. Ukijazia maji hayo bila kuyapitisha kwenye mtambo wa RO/DI (wa kusafisha maji kwa utando na resini), utakuwa unanunua dawa ya kuondoa ulichokimimina mwenyewe.

Vumbi, na kwa nini ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana

Dawa nyingi za fosfeti ni chembe za oksidi ya chuma, zinazoitwa GFO. Hazitoi kitu, fosfeti hujishikiza juu ya uso wake na kubaki hapo. Uso ndiyo kazi yote. Na hapo ndipo vumbi linapodanganya: unga una uso mkubwa mno kwa uzito mdogo, kwa hiyo unashika fosfeti kwa kasi kuliko chembe nzima. Ukiuingiza tangini pamoja na chembe, saa za kwanza namba inaporomoka ghafla. Mnunuzi anafurahi. Matumbawe yaliyozoea 0.3 kwa miezi mingi yanajikuta kwenye 0.05 kufikia asubuhi, na Acropora, jamii ya matumbawe magumu, huanza kubanduka tishu kutoka chini kwenda juu. Ukiona dalili mbaya unaweza kuzima riakta (chumba cha dawa kinachopitishiwa maji ya tangi kwa pampu) ukatoa chembe. Unga ulioshatawanyika huwezi kuutoa.

Unga huo pia hautulii mahali pamoja. Hulalia matumbawe, nayo hutoa ute kujisafisha na kushinda yamefunga. Huingia kwenye shimo la mhimili wa pampu ukawa kama msasa. Hujipaka kwenye hita na kwenye kuta za kiondoa povu, kile kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa njia ya povu. Na hukuachia riakta yenye dawa pungufu: ukipima mililita 60 na ukasuuza mpaka maji yawe meupe, pima tena kilichobaki. Kwa dawa mbovu utakuta mililita 50 au hata 45, na hapo hujaiwasha bado.

Vumbi lina asili mbili, na tofauti yake ndiyo inayopaswa kuamua ununue nini. La kwanza ni vumbi la safari: chembe zimegongana ndani ya kopo kutoka kiwandani hadi dukani. Hilo husuuzwa likaisha. La pili ni vumbi la udhaifu: chembe yenyewe ni laini na itaendelea kusagika kila siku inayozunguka. Hilo haliishi mpaka dawa iishe.

Namna ya kuyatofautisha ni rahisi. Chukua chupa ya kioo ya mililita 500 yenye kifuniko, weka vijiko vikubwa viwili vya dawa, jaza maji ya RO/DI. Zungusha chupa polepole mara 20, acha itulie sekunde 60, kisha iweke mbele ya karatasi yenye maandishi. Raundi ya kwanza maji yatakuwa mekundu kama matope ya mfinyanzi, na huoni herufi hata moja. Usiihukumu kwa hilo. Mwaga, jaza tena, rudia. Kufikia raundi ya tatu au ya nne dawa nzuri inakuonyesha maandishi kupitia maji, yakiwa na kivuli cha chai hafifu tu. Sasa fanya jambo ambalo maelezo ya kopo hayakuambii: tikisa kwa nguvu mara 50, acha sekunde 60, tazama tena. Maandishi yakiendelea kusomeka, chembe ni ngumu. Maji yakirudi mekundu kama raundi ya kwanza, unaitazama dawa ikijisaga mbele ya macho yako, na ndivyo itakavyofanya ndani ya riakta.

Nafasi ya kwanza: GFO ya chembe ngumu

Chaguo langu ni High Capacity GFO ya Bulk Reef Supply, na silifichi pendeleo hili. Chembe zake ni ngumu kuliko za GFO ya kawaida, hazisagiki ovyo, hazigandamani upesi, na kwa kazi ile ile unahitaji takribani nusu ya ujazo. Riakta ndogo inafanya kazi ya riakta kubwa, na hilo lina maana kwa mtu mwenye kabati finyu chini ya tangi.

Nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Usianze na kipimo kamili. Anza na kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, kwa kila lita 60 za maji halisi (toa mawe na mchanga kwenye hesabu, tangi linaloitwa lita 200 mara nyingi lina maji 160 hadi 170). Kaa nacho wiki mbili huku ukipima kila baada ya siku tatu. Kama fosfeti haishuki, ongeza mpaka kijiko kimoja kwa lita 30. Kushuka kwa thuluthi moja kwa wiki kunatosha, kutoka 0.3 hadi 0.1 mwezi mmoja si uzembe, ni uungwana kwa matumbawe.

Namna ya kuiweka:

Suuza dawa kwenye ndoo au ungo mwembamba kwa maji ya RO/DI mpaka ipite jaribio la maandishi. Weka sponji ya chini ya riakta, mimina dawa isizidi nusu ya urefu wa chumba, weka sponji ya juu mbali na dawa, funga. Paka ringi ya mpira mafuta ya silikoni kidogo, maana ringi kavu ndiyo inayovujisha. Mrija wa kutokea uelekeze kwenye ndoo tupu, washa pampu, na acha lita 5 hadi 10 za kwanza ziende humo. Hayo ni maji ya tangi, kwa hiyo andaa maji ya chumvi ya kufidia. Yakitoka meupe, ndipo mrija urudi tangini. Watu wengi huruka hatua hii ya ndoo wakidhani kusuuza kwenye ungo kumetosha. Hakutoshi: kuzungushwa kwa mara ya kwanza ndani ya riakta huamsha vumbi lililokuwa limenasa katikati ya chembe.

Mkondo ndio unaoamua umri wa dawa. Koki iwe kwenye mrija wa kuingizia, ili mfuniko usibebe msukumo wote wa pampu. Fungua taratibu mpaka tabaka la juu tu, sentimita moja au mbili, licheze kama mchanga wa chemchemi: chembe zinapanda, zinageuka, zinashuka papo hapo. Chini yake zitulie, zikisogea kidogo tu. Dawa yote ikiruka hadi juu, unaisaga. Ikilala kimya, maji hujichimbia njia moja, chokaa inagandisha chembe ziwe bonge, na sehemu kubwa ya dawa haiguswi na maji. Gonga riakta kwa kiganja mara moja kwa wiki kuvunja mabonge, na toa hewa iliyonaswa. Usichanganye na mkaa wa kuchujia maji ndani ya chumba kimoja kinachotikisika. Mkaa ni mwepesi na dhaifu, na unasagika kwanza.

GFO hushika pia silika. Kwenye riakta huweza kushusha KH (kipimo cha kaboneti ndani ya maji) kidogo, kwa kuwa chokaa hujishikiza kwenye chembe, kwa hiyo pima KH siku ya pili na ya saba.

Kuibadilisha, usifuate kalenda. Pima maji yanayotoka kwenye mrija wa riakta, kisha maji ya tangi. Namba zikilingana, dawa imejaa. Kwenye tangi linalolishwa sana hiyo inaweza kuwa wiki mbili; kwenye tangi tulivu, wiki nane. Andika tarehe na mililita kwenye utepe uubandike kwenye riakta.

Ya riakta sina mengi. PhosBan Reactor 150 ya Two Little Fishies inatosha matangi mengi ya nyumbani. Kwenye riakta ya chapa yoyote hakikisha kuna sponji za akiba na ringi za akiba, kwa sababu hizo ndizo zinazokwisha, na duka lisilouza vipuri vya kitu limekuuzia nusu ya kitu.

Nafasi ya pili: ROWAphos

Hii ni hidroksidi ya chuma, na huuzwa ikiwa na unyevu. Unyevu huo ni faida kubwa kwenye suala la vumbi la safari: chembe hazigongani zikiwa kavu. Inashika fosfeti vizuri sana na ina jina la haki miongoni mwa wafugaji wa matumbawe.

Kinachoiweka ya pili ni udogo wa chembe zake. Sponji pana za riakta za kawaida huziachia zipite, kwa hiyo inataka sponji yenye matundu madogo au kitambaa cha kuchujia juu na chini, na kitambaa hicho kikizibika mkondo unapungua bila wewe kujua. Asiyetaka kuchungulia riakta kila siku mbili ataiona inasumbua. Kwa mwenye kuchungulia ni dawa nzuri kweli. Inunue kwenye kopo lililofungwa kiwandani tu, na funga vizuri baada ya kuchota, usiiache ikauke.

Nafasi ya tatu: PhosGuard

PhosGuard ya Seachem ni vidonge vidogo vya mviringo, vyeupe, vya oksidi ya alumini. Vumbi lake ni jeupe, kwa hiyo halitishi kama la chuma, lakini lipo. Lisuuze vile vile. Usiiweke kwenye riakta inayotikisika, kwa sababu alumini hiyo ikisuguana inasagika. Mahali pake ni kwenye mfuko wa wavu mwembamba, ndani ya chujio la nje au kwenye njia ya maji ya tangi la chini (lile la kuchujia, chini ya tangi kuu), maji yapite katikati yake na si pembeni.

Inavuta haraka siku za mwanzo kisha inachoka mapema kuliko GFO. Kwa tangi la samaki watupu, au la maji baridi lisilo na mimea lililozidiwa na mwani, ni chaguo rahisi lisilohitaji pampu ya pili wala riakta. Kwa mwenye matumbawe laini ya aina ya Sarcophyton, tahadhari: yameonekana mara nyingi kujikunja na kukataa kufunguka dawa za alumini zikiwa tangini. Yakifanya hivyo, toa mfuko, badilisha maji, na uhamie kwenye chuma.

Nafasi ya nne: kloridi ya lantani

Hii ni dawa ya maji na haina chembe, kwa hiyo ungedhani imeshinda shindano la vumbi. Imeshindwa vibaya, kwa sababu inatengeneza vumbi lake ndani ya tangi. Lantani ikikutana na fosfeti huwa fosfeti ya lantani, unga mweupe usioyeyuka, na usipounasa unabaki unaelea kwenye maji ambayo samaki wanapumua. Samaki aina ya kangaja, hasa wa jenasi ya Zebrasoma, wamejulikana kuhema kwa kasi na hata kufa tangi lilipotiwa dawa hii kwa haraka.

Hata hivyo, kwa tangi kubwa lenye fosfeti ya 1 au 2, GFO peke yake ingekula makopo kwa makopo, na hapo lantani ina nafasi. Changanya kipimo cha siku kwenye lita moja au mbili za maji ya RO/DI, idondoshe kwa mrija mwembamba wenye koki kwa saa kadhaa, moja kwa moja ndani ya soksi ya kuchujia ya mikroni 5, na maji yanayotoka kwenye soksi yaelekee kwenye kiondoa povu. Soksi ya mikroni 100 au 200 uliyo nayo haitanasa kitu. Badilisha soksi siku hiyo hiyo. Maji yakiwa na ukungu, au samaki wakipanua matamvua, simamisha. Pima KH, kwa kuwa lantani hushikana na kaboneti pia na kuishusha.

Kinachoudhi ni lebo. Kwa hesabu ya kemia, miligramu moja ya fosfeti inahitaji karibu miligramu 1.5 za lantani. Tangi lenye miligramu 50 za fosfeti lingehitaji miligramu 73. Mtu angeweza kupiga hesabu hiyo kwa dakika moja kama chupa ingeandika mililita moja ina miligramu ngapi za lantani. Chupa nyingi zinaandika matone kwa lita, basi. Na za mabwawa ya kuogelea zisiwekwe tangini kama lebo haitaji kila kilichomo.

Kipimo, ambacho kilipaswa kununuliwa kwanza

Vipimo vya rangi vya kulinganisha kwa macho haviwezi kutofautisha 0.03 na 0.1, na hapo ndipo uamuzi wote ulipo. Nunua kipimo cha kidijitali cha Hanna. Lakini angalia ni Hanna ipi, maana wauzaji huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja. HI713 inasoma fosfeti mpaka 2.50, na kosa lake ni 0.04 juu au chini pamoja na asilimia 4 ya usomaji: ikikuonyesha 0.04, ukweli unaweza kuwa sifuri au 0.08. Ni nzuri kwa tangi lililochafuka, haifai kwa tangi linalokaribia lengo. HI736 inasoma fosforasi, si fosfeti, kwa mikrogramu kwa lita, mpaka 200, na kosa la 5 pamoja na asilimia 5. Ikisoma 30, zidisha kwa 3.066, gawanya kwa 1,000: 0.09. Wapo waliosoma 30 kwenye HI736 wakadhani ni 0.03, wakastarehe na fosfeti iliyokuwa mara tatu ya walivyoamini. HI774 inasoma fosfeti moja kwa moja mpaka 0.90 na inakuondolea hesabu hiyo.

Futa kichupa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tumia kichupa kile kile kila mara kikiwa kimeelekezwa upande ule ule, kung'uta pakiti ya kitendanishi mpaka unga wote utoke, na geuza kichupa taratibu badala ya kukitikisa ili viputo visijae. Usichote maji siku uliyowasha GFO mpya. Sampuli yenye vumbi hutoa namba zisizotulia.

Za bei ya chini

Sponji na vitambaa vilivyopakwa dawa ya fosfeti vina dawa kidogo mno na huziba kwa uchafu kabla havijajaa fosfeti. Vinafaa tangi la lita 20 au 30. Mwani wa Chaetomorpha chini ya taa kwenye tangi la chini hugharimu umeme tu na hautoi vumbi, ila hufanya kazi kadiri unavyouvuna, na ukinyauka hurudisha ulichokuwa umebeba.

Dawa ya kupimiwa kwenye mfuko

Zipo GFO zinazonunuliwa kwa gunia na kugawiwa kwenye vifuko visivyo na jina wala tarehe. Ndani yake inaweza kuwa dawa nzuri. Tatizo ni kwamba gunia linapotikiswa chembe kubwa hupanda na unga hushuka, kwa hiyo mteja wa kwanza anapata chembe na wa mwisho anapata unga, wote kwa bei moja. Na wauzaji wengine hutaja gramu pale ambapo maelekezo yanataka mililita, mnunuzi asiweze kulinganisha kopo na kopo. GFO kavu na ROWAphos yenye unyevu hazina uzito sawa kwa kijiko kimoja. Gramu 500 za moja si gramu 500 za nyingine.

Kabla ya kulipa, inamisha kopo au mfuko upande mmoja, uache sekunde chache, kisha uurudishe wima na utazame ukuta wa ndani na kona za chini. Unga uliojipaka kwa unene, au kona zilizojaa kitu laini kama poda, vinakuambia ulipo kwenye gunia. Muuzaji akikataa usiguse, au akisema GFO zote ni moja, iache hapo mezani. Na kama ulishanunua ya namna hiyo na pampu imeanza kukwaruza, itoe, fungua mfuniko wa rota, loweka rota na mhimili kwenye lita moja ya maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha asidi ya sitriki kwa saa moja, sugua shimo la mhimili kwa brashi nyembamba, suuza, rudisha. Maji ya kulowekea yatakuwa ya kahawia.